Alama ya Kujumlisha

Mkuu wa waokoaji alikuwa ameshavua kofia yake ngumu, na mtu wa kazi ile akivua kofia, ujue kwake mambo yamekwisha. Alimweleza Inspekta Kupe kwamba kila aliyekuwemo kwenye orodha ameshapatikana, awe mzima, majeruhi au maiti, na kwamba tingatinga mbili zinangoja nje ya lango. Ukuta wa nyuma wa kiwanda ulikuwa umeinama vibaya. Wahandisi walitaka uangushwe leo hii na kifusi kisombwe, kabla haujamwangukia mtu mwingine.

"Na mume wangu je?" aliuliza mwanamke aliyesimama nyuma ya utepe wa polisi.

Alikuwa akiuliza swali hilo tangu jana asubuhi, tangu boila ilipolipuka na paa la ukumbi wa mashine za kufuma likashuka lote kwa mkupuo. Watu walikuwa wameshamzoea, kama walivyouzoea mlio wa jenereta.

Jina la Kupe alilipata kituoni, kwa kuwa aking'ang'ania jambo habanduki. Hata mkewe humwita hivyo, siku akiwa na hasira naye. Leo alikuwa ametumwa amtafute mume wa mwanamke huyu, ila si chini ya kifusi. Alitumwa amtie pingu.

Mume mwenyewe alikuwa mfumaji wa zamu ya usiku, na kiwanda kizima kilimwita Taratibu. Wiki iliyopita alivutana na meneja kuhusu boila ile, akasema mbele za watu kwamba iko siku jengo litalala chini. Likalala. Jina lake halikuwemo miongoni mwa waliokuwa ndani, nyumbani hakurudi, simu yake haipatikani. Mkuu wa kituo akayajumlisha hayo haraka haraka, akapata jibu lake. Kufikia jana jioni picha ya Taratibu ilikuwa imetangazwa kila mahali, na stendi zote zilikuwa na askari.

Kupe aliinua utepe, akamkaribisha mwanamke yule chini ya hema. Alikuwa mshonaji wa mashuka hospitalini. Kipimo chake cha utepe kilikuwa bado kinaning'inia shingoni tangu jana, na inaonekana hakuwa na habari nacho. Hakulia. Sauti tu ndiyo iliyokuwa imemkauka.

"Afande, nyie mnamtafuta stendi. Mimi nawaambia yumo humu."

"Umejuaje, mama?"

"Kwa sababu namjua. Taratibu haachi mashine mpaka mwenzake aishike."

Akaeleza. Mashine zile hazizimwi. Ukizima, nyuzi zinakatika na kitambaa chote kinaharibika. Kwa hiyo wa usiku husimama mashineni mpaka wa mchana afike. Wakishakutana wanakaa wote wawili kwa muda, mmoja anaangalia, mwingine anaikamata kazi, kisha wa usiku anasema "pokea" na kwenda zake. Vijana huitupa hiyo "pokea" huku wakikimbilia lango. Mumewe alikuwa hatoki mpaka amwone mwenzake amefunga uzi wa kwanza kwa mkono wake mwenyewe. Kwa miaka mingi alikuwa akichelewa kurudi, na kwa miaka mingi mkewe alikuwa akimsema kwa hilo.

"Na yule aliyempokea katolewa jana hai," alisema. "Taya limevunjika, hawezi kusema. Lakini wakati wanampitisha na machela aliinua vidole viwili. Hivi. Waokoaji wakadhani anawaaga, nao wakampungia mkono."

Kupe aliandika neno moja daftarini, "vidole", akanyanyuka kumtafuta mlinzi wa lango.

Mlinzi ndiye aliyekuwa shahidi mkuu. Katika maelezo yake alisema kwamba alimwona Taratibu akitoka kabla ya mlipuko, na kwamba baiskeli yake haikuwepo bandani. Kupe alimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, macho mekundu kwa vumbi.

"Ulimwona akitoka?"

"Nilimwona, afande."

"Alivaa shati gani?"

"La kazi."

"Alikwambia nini?"

"Hakusema kitu."

"Miaka yote hiyo mnasalimiana, siku ya kulipua kiwanda ndiyo akupite kama mti?"

Mlinzi aliangalia viatu vyake. "Afande, niseme ukweli?"

"Kwani mpaka sasa ulikuwa unasema nini?"

Mlinzi akanywea. Hakumwona, alisema. Baada ya mlipuko meneja alikuja mbio na simu mkononi, ukurasa wa mahudhurio umefunguka, akamuuliza mbona Taratibu hayumo. Naye akatazama, akaona kweli hayumo. Asiyekuwemo kwenye ukurasa ule ni yule aliyegonga kadi langoni akatoka. Ndivyo walivyofundishwa. "Kompyuta inasema katoka," alisema. "Mimi mlinzi wa lango niseme hajatoka?"

Kupe akampigia meneja, kisha msimamizi wa zamu. Maswali yalikuwa yale yale, na majibu nayo yakawa yale yale. Hakuna aliyemwona mtu. Wote watatu walikuwa wamesoma ukurasa mmoja, kila mmoja kwenye simu yake, halafu wakaja kituoni kama mashahidi watatu. Shahidi alikuwa mmoja tu, na huyo hakuwa mtu.

Ilibaki baiskeli. Banda lake lilikuwa limeng'olewa ili winchi ipite, na baiskeli zilikuwa zimerundikwa nyuma ya hema la huduma ya kwanza. Kupe alizihamisha moja moja. Ya chini kabisa ilikuwa nyeusi, kiti chake kimevalishwa kitambaa kilichoshonwa kwa mkono unaojua kazi. Mnyororo wake ulikuwa bado umefungwa kwa kufuli, pamoja na kipande cha nguzo ya banda ambacho waokoaji walikikata kwa msumeno. Mke wa Taratibu alipoletwa aliushika mshono wa kile kiti, akatikisa kichwa kukubali.

Kupe alimpigia mkuu wa kituo akamweleza. Mkuu hakufurahi hata kidogo.

"Nimekutuma uniletee mtu," alisema, "wewe unaniletea baiskeli."

Mkuu wa waokoaji angalau alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa haki, na alikuwa amechoka. Alisema hawezi kuwarudisha vijana wake chini ya ukuta ule kwa ajili ya kufuli la baiskeli. "Nipe jina lake kati ya waliokuwa ndani," alisema, "na nitachimba mpaka kesho. Lakini tingatinga zikishaanza, Inspekta, usiniulize tena. Nitangoja kidogo. Ukuta ndio sijui kama utangoja."

Kupe alimwacha koplo wake pale, mwanamama mwenye kifua cha kusimamisha lori, akaingia kwenye gari.

Kijana aliyeutengeneza ukurasa ule alifanya kazi ghorofani, juu ya duka la kuchapisha kadi za harusi. Wafanyakazi wa kiwandani walimwita Profesa, kwa utani, maana alikuwa akija kurekebisha mashine za kadi amevaa tai. Leo hakuwa na tai. Chumba kilikuwa na feni moja, skrini mbili na kikombe cha chai kilichoganda utando juu. Kabla Kupe hajakaa, kijana alimwambia kwamba wakili wa kiwanda amempigia, amemkataza kugusa au kumwonyesha mtu chochote.

"Wakili anajua kwamba kuna mtu chini ya kifusi?"

"Wote wameshapatikana, afande. Nimesikia redioni."

"Nani alikuamuru ulifute jina la Taratibu?"

Rangi ilimtoka. Alisema hajafuta kitu. Kupe alimwendea polepole, swali baada ya swali: meneja alipiga simu saa ngapi, aliomba nini, nani mwingine ana neno la siri la kuingilia. Kijana alijibu yote huku jasho jembamba likimtiririka. Mwishowe hofu ya polisi ikaizidi hofu ya wakili, akafungua kumbukumbu za mfumo mwenyewe bila kulazimishwa. Kila badiliko lilikuwa limeandikwa, nani alifanya na lini. Kwa miezi mingi hapakuwa na mkono wa mtu uliogusa chochote. Hakuna jina lililofutwa.

Kupe aliketi. Njia nzima alikuwa amejenga dhana kwamba meneja alilifutisha jina ili apate wa kumtupia lawama za boila. Ilikuwa dhana nzuri, yenye nia, faida na nafasi. Sasa ilikuwa imemfia mikononi, na hakuwa na nyingine. Dirishani jua lilikuwa limeshaanza kuinama. Alihisi kukata tamaa, tena waziwazi, kama mtu aliyefika mwisho wa barabara akakuta ukuta.

"Nielezee," alisema hatimaye. "Nielezee kama unavyomwelezea mama yako. Huo ukurasa unajuaje nani yumo ndani?"

Kijana alivuta kiti. Alisema kuna safu mbili: moja ya mchana, moja ya usiku. Safu ni kama rafu yenye visanduku, na kila kisanduku kina ufunguo wake. Yeye alitumia namba ya mashine iwe ndiyo ufunguo. Mfanyakazi akigonga kadi kuingia, jina lake linakaa kwenye namba ya mashine yake, katika safu ya zamu yake. Akigonga kutoka, linaondolewa.

"Halafu?"

"Halafu nazijumlisha safu mbili zinakuwa moja. Hiyo moja ndiyo mnayoiona." Akaelekeza kidole kwenye skrini:

$waliomo = $mchana + $usiku;

Kupe aliusoma mstari ule mara mbili. Hakujua lugha ya kuandikia tovuti, ila maneno yake yalikuwa Kiswahili kitupu, na alama iliyo katikati anaijua kila aliyepita darasa la kwanza.

"Taratibu yuko safu gani?"

"Ya usiku."

"Nionyeshe ya usiku peke yake. Kabla hujaijumlisha."

"Afande, ni majina yale yale."

"Nionyeshe."

Kijana aliandika, akabonyeza. Majina yakashuka kwenye skrini. Kwenye namba kumi na nne lilikuwepo jina la Taratibu, lile la kwenye kitambulisho. Alikuwa ameingia juzi jioni. Kutoka, hakutoka.

Kijana alibonyeza tena, majina yakarudi yale yale.

"Haiwezekani," kijana alisema. "Kama yumo humu, lazima awemo na kule. Ni kujumlisha tu."

"Mchana. Namba kumi na nne ni nani?"

Kijana aliangalia. Alikuwa ni yule aliyevunjika taya. Kupe akaviona vile vidole viwili juu ya machela, kama aliyekuwepo, na kichwani mwake kila kitu kikakaa mahali pake. Mtu yule hakuwa akiaga. Alikuwa akisema wako wangapi.

"Watu wawili, mashine moja," alisema Kupe. "Mmoja anapokea, mwingine anaachia. Ukizijumlisha safu zako, kwenye kumi na nne anabaki nani?"

Kijana alifungua ukurasa mtupu, akaandika safu mbili ndogo: kwenye namba moja ya safu ya kwanza aliweka "kaka", kwenye namba moja ya safu ya pili akaweka "dada". Akaweka ile alama katikati. Akabonyeza. Likatoka neno moja: kaka.

"Anabaki wa kwanza," alinong'ona.

"Na wa pili?"

"Anaachwa. Namba yake imeshachukuliwa, kwa hiyo anaachwa."

"Haikupi onyo?"

"Haisemi kitu, afande. Inamwacha kimya kimya." Alishika kichwa. Lakini kulikuwa na watu wa usiku kwenye ukurasa, alisema. Kama ilikuwa inawaacha, mbona wale haikuwaacha? Alikuwa akijibishana mwenyewe, na kabla Kupe hajafungua mdomo akawa ameshapata jibu. Wale ni ambao wenzao wa mchana walikuwa hawajafika. Namba zao zilikuwa wazi. Waliopotea ni wale tu waliokuwa wawili wawili, na uwili huo hudumu dakika chache asubuhi, wakati ambao hakuna anayeutazama ukurasa. Aliutengeneza mfumo ule bila kuingia ukumbini hata siku moja wakati wa zamu kubadilishana. Kwake yeye mashine moja ilikuwa na mtu mmoja.

"Nitafutie namba zote zilizomo kwenye safu zote mbili."

Zilikuwa tatu. Saba, kumi na nne, ishirini na mbili. Wale wa usiku wa saba na ishirini na mbili hakuna ndugu aliyekuja langoni kuwaulizia, wala Kupe hakuwahi kusikia majina yao.

Kupe alimpigia mkuu wa waokoaji. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikaita, ikakatika. Akampigia koplo, na alipopokea, nyuma ya sauti yake palisikika ngurumo ya injini.

"Koplo, wazuie. Kuna watu watatu humo."

"Afande, tingatinga moja imeshaanza kusogea."

"Basi kasimame mbele yake."

Akasikia simu ikitiwa mfukoni bila kukatwa, viatu vikikimbia juu ya kokoto, na mwanamama yule akimfokea dereva kwa maneno ambayo hayamo katika mwongozo wa polisi. Ngurumo ikashuka. Ikazima. Kupe aligundua kwamba muda wote huo alikuwa amemshika kijana bega, na kwamba amemuumiza.

"Chukua kompyuta yako," alimwambia. "Tunakwenda wote."

Njiani Kupe aliongea na mkuu wa kituo, akamtaka aondoe lile tangazo. Mkuu alianza kuuliza maswali. Kupe akamsomea zile namba tatu na majina matatu, mpaka akakubali. Kwenye kiti cha nyuma kijana alikuwa ameinamia skrini yake, vidole vikicheza, pua ikimchuruzika kama mtoto.

Mkuu wa waokoaji alikuwa ameshavaa kofia. Koplo alikuwa amemweleza aliyoyajua, na yaliyobaki aliyamalizia Kupe kwa sentensi mbili: katika mashine hizi tatu kulikuwa na watu wawili wawili, na mmewatoa mmoja mmoja. Mzee yule alifumba macho. Walikuwa wakichimba kwa namba, alisema, kwa kuwa namba zilikuwa zimepakwa rangi kwenye nguzo. Wakishampata mtu wa mashine fulani, walifunga kitambaa cha kijani kwenye nguzo yake na kuhamia nyingine. Kitambaa cha kijani maana yake hapa hakuna tena mtu. Kwenye nguzo ya kumi na nne kilikuwa kinapepea tangu jana adhuhuri.

Waliingilia kumi na nne kwanza, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na njia. Waliyapokezana matofali mkono kwa mkono, na kila baada ya muda mkuu aliinua ngumi, wote wakatulia, akaita, akasikiliza. Hapakujibu mtu. Mke wa Taratibu alikuwa ameruhusiwa kusogea mpaka kwenye nguzo. Alikuwa akisema jina la mumewe chini chini, si lile la utani, bali lile la nyumbani, na Kupe akageuza uso pembeni kwa sababu halikuwa jina la kusikilizwa na mtu mwingine.

Walimkuta chini ya fremu ya mashine, amelala ubavu, mahali penye nafasi ya mtu kuvuta pumzi. Kando yake pipa la maji ya kunyunyizia nyuzi lilikuwa limepasuka, na kwenye vumbi karibu na visigino vyake palikuwa na alama za mtu aliyejisogeza kulifuata. Walimtoa polepole. Daktari alipiga magoti, akatafuta mshipa wa shingo, akakaa hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mkewe alimshika shavu.

"Bado ana joto," alisema.

Daktari hakumtazama. Kupe ndiye aliyejikaza akachuchumaa mbele yake, maana mtu fulani alipaswa kumwambia, na asingekubali aambiwe na gazeti. Alimwambia kwamba mumewe hakulipua kitu na hakukimbia, na kwamba tangazo limeshaondolewa. Akamwambia pia kwamba asubuhi ya leo, wakati wanaambiwa wote wamepatikana, huenda alikuwa hai.

Mwanamke alisikiliza yote. Macho yake yalimpita Kupe, yakatua kwa kijana aliyesimama na kompyuta kifuani, analia bila kujificha.

"Ni mimi niliyeandika, mama," kijana alisema. "Ni alama moja tu niliikosea. Nisamehe."

"Alama moja."

"Ndiyo, mama."

"Na kuirekebisha kunachukua muda gani?"

Kijana alimtazama Kupe, kama anayeomba ruhusa ya kudanganya. Hakuipata.

"Ni kubadilisha neno moja tu, mama. Nimeshalibadilisha. Kwenye gari, tulipokuwa tunakuja."

"Kwenye gari," alirudia mwanamke yule.

Akalivuta shuka la machela, akamfunika mumewe uso. Nyuma yao mkuu wa waokoaji alikifungua kile kitambaa cha kijani kwenye nguzo, akakitia mfukoni, akawaongoza vijana wake kuelekea mashine ya ishirini na mbili.